Mahindi ya Nzilo: kazi haiishi siku ya mavuno

Baba anashuka ku mine, mama analima kando ya ziwa la Nzilo. Ni maisha ya jamaa nyingi kwetu. Mwezi wa tano mahindi yanaingia mu nyumba, kila mutu anafurahi. Mwezi wa kumi na moja tunafungua mufuko: mbegu zina matundu, tududu tunatembea ndani. Njo mushahara wa baba unaenda tena ku unga, mara mingi unga wa kutoka Zambia. Na mwezi wa pili 2024, Zambia yenyewe ilitangaza musiba wa taifa juu ya ukame. Jirani akikosa, siye pia tunakosa.

Haiko kwetu tu. FAO ilihesabu mu 2019 kwamba karibu 14 kwa mia ya chakula cha dunia inapotea kati ya shamba na duka.

Ya kwanza ni kukausha. Tuko na bahati: kisha mavuno, jua la kiangazi linatufuata. Lakini mahindi yasilale ku udongo, wala pembeni ya barabara kwenye makamyo ya mine yanarusha vumbi. Tandika bashi, na mangaribi ufunike. Kujua kama yamekauka, twaa chupa kavu, weka chumvi kavu kidogo na mahindi mukono moja, tikisa sana. Chumvi ikishika ku chupa, rudisha mahindi ku jua. Mahindi mabichi yanaota kuvu, na sumu ya kuvu haiishi mu chungu. Kenya, mu 2004, sumu ile mu mahindi iliua bantu 125.

Ya pili ni kufungia pumzi. Bidoni ya mafuta ya kula, yenye kusafishwa na kukauka vizuri, inatosha. Jaza mahindi mpaka ku mudomo, funga nguvu, weka mu kivuli, usifungue mwezi muzima. Tududu twenye kubaki ndani tunamaliza hewa, tunakufa. Hakuna dawa.

Bapapa, hapa tunasema na ninyi. Bidoni ao pipa yenye ilibeba asidi ao dawa ya usine isiingie mu nyumba, hata uioshe mara kumi. Mufuko wenye ulibeba malakite ao kobalti pia usitiwe mahindi. Vumbi yake inabaki mu nyuzi, kisha inaingia mu bukari ya batoto.

Bidoni ya litri 20 inabeba karibu kilo 15. Mwenye kununua mbili kila mwezi, kuanzia mwezi wa kwanza, mwezi wa tano ako nazo kumi: kilo 150 zenye tududu hatutakula. Na ju ni ndogo, mama anafungua moja tu, zingine zinabaki zimefungwa mpaka mvua irudi na bei ya unga ipande.