Mbwa Koko Ni wa Nani?

Mbwa aonekanaye akizurura jalalani au machinjioni huitwa koko, kana kwamba amezaliwa na barabara. Jina hilo lapotosha. Uchunguzi uliofanywa vijijini kandokando ya Hifadhi ya Serengeti, nchini Tanzania, umeonyesha kwamba karibu mbwa wote wazururao wana wenyewe: usiku hulinda boma, na mchana huachwa wajitafutie riziki. Mnyama huyu amekaa na binadamu kwa zaidi ya miaka 15,000. Hata jalala limlishalo ni kazi ya mikono ya watu.

Uzembe huo una gharama yake, nayo ni kichaa cha mbwa. Virusi vya ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Aumapo, virusi hufuata mishipa ya fahamu polepole hadi ubongoni. Kwa sababu ya mwendo huo wa polepole, aliyeumwa huokoka iwapo kidonda kitaoshwa mara moja kwa maji na sabuni kwa muda wa dakika 15, na chanjo kutolewa bila kukawia. Dalili zikishajitokeza, kupona ni nadra mno. Inakadiriwa kuwa watu 59,000 hufa kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa wa Asia na Afrika, na takriban wote huambukizwa na mbwa.

Ugonjwa uzukapo, aghalabu hutolewa amri mbwa wauawe kwa risasi au sumu. Njia hiyo ni ya kikatili, tena haifai kitu. Kisiwani Flores, Indonesia, ambako ugonjwa uliingia mwaka 1997, mbwa wengi mno waliuawa, na ugonjwa haukutoka. Wenye maboma huleta mbwa wengine kutoka mbali, pengine wakiwa tayari wameambukizwa. Na aliyeuawa huenda ndiye aliyekuwa amechanjwa.

Chanjo ya mbwa ndiyo dawa, na hesabu yake yaweza kufanywa ubaoni. Kwa wastani, mbwa mmoja mgonjwa huambukiza wenzake wasiofika wawili. Tuseme wagonjwa 2 huambukiza 3: theluthi moja ya mbwa wakiwa na kinga, ugonjwa hausongi mbele. Mbona basi wataalamu hutaka mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe? Ni kwa kuwa mbwa wa vijijini hawaishi sana. Tukadirie kwamba mbwa 40 katika kila 100 hufa kwa mwaka, na nafasi zao kushikwa na watoto wasio na kinga. Waliochanjwa wakiwa 70, mwishoni mwa mwaka hubaki 42, nao watosha. Wakiwa 50, hubaki 30, na mlango umefunguka.

Kisiwani Pemba chanjo ilikomesha ugonjwa mwaka 2014. Ulirejea mwaka 2016, ukakomeshwa tena mwaka 2018 kwa njia ile ile.

Paka shume nao huweza kuambukizwa na kuuma, ijapokuwa ugonjwa haudumu kwa paka peke yao. Kwa hiyo nao yafaa wachanjwe. Lakini wasahaulikao zaidi ni watoto wa mbwa. Wafugaji wengi huwaacha nyumbani siku ya chanjo, wakidhani ni wachanga mno, hali Shirika la Afya Duniani hushauri wachanjwe hata walio chini ya miezi mitatu.