Kabla ya Mkasi, Tusome Karatasi

Idd moja tulipamba sebule yetu kwa mnyororo wa karatasi. Watoto walikata magazeti ya zamani vipande vyembamba, wakavigandisha pete ndani ya pete, nasi tukautundika kutoka pembe hadi pembe bila kutoa hata senti moja. Tulijiona hodari. Mzee wa mtaani aliyekuja kula pilau aliinua macho, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Wanangu, kiteremsheni kile kwanza, ndipo tule." Juu ya vichwa vyetu ilining'inia nusu ya Bismillahi, imekatwa katikati na kupinduliwa juu chini.

Tangu siku hiyo kazi ya karatasi nyumbani kwetu huanza kwa kuchambua. Magazeti ya Kiislamu, hili ulilo nalo mkononi likiwamo, hubeba aya, hadithi na majina ya Mwenyezi Mungu. Kadi za harusi na kalenda za madrasa vivyo hivyo. Na tuseme kweli, wengi wetu tumekwisha kuyaona yakifungia maandazi. Basi tunaketi mkekani: mtoto mkubwa husoma, mdogo hupanga. Zenye maandiko matukufu huwekwa juu ya kabati, na zikijaa huzikwa mahali safi pasipokanyagwa, au huchomwa kwa adabu. Kuchoma si jambo geni: Sayyidna Uthman (r.a.) aliamuru nakala nyingine zichomwe baada ya kuunganisha umma juu ya msahafu mmoja. Wapo wanazuoni wanaopendelea kuzika, na kila nyumba ifuate ilivyofundishwa.

Zinazobaki ni nyingi kuliko mtu anavyodhani: maboksi ya sabuni, madaftari yaliyojaa hesabu, kalenda za biashara zenye karatasi nzito inayong'aa, na mifuko ya kaki iliyoenea tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Bara mwezi Juni 2019.

Gundi hatununui. Kikombe 1 cha unga wa ngano huvurugwa kwa maji baridi kidogo hadi mabonge yaishe, kisha humiminwa katika vikombe 4 vya maji yanayochemka, huku kikikorogwa mpaka kiwe kama uji mzito. Kipoe ndipo kitumike, na kisilale zaidi ya siku 2, kwani huchacha. Kipakwe kwa uchache pia. Mende wanaipenda gundi hii kuliko sisi.

Pambo tunalolipenda zaidi ni nyota ya pembe nane. Kata miraba miwili iliyo sawa, sentimita 10 kila upande. Uweke mmoja juu ya mwenzake, kisha uzungushe wa juu mpaka pembe zake zisimame katikati ya pande za ule wa chini. Gandisha. Ni hayo tu, na hakuna sura ya kiumbe chenye roho. Nyota kumi na mbili katika uzi mmoja zatosha mlango. Kuhusu rangi, tunashauri zisizidi tatu. Wanakili wa misahafu wa Siyu, kisiwani Pate, walipamba kurasa zao kwa nyekundu, nyeusi na manjano, na hakuna aliyeziona kurasa zile akazidhania za kimaskini. Twasema haya kwa sababu tunazijua nyumba zinazokopa ili zipambike, kisha deni likawamalizia furaha kabla ya mwezi wa Shawwal kwisha.

Magazeti yasiyo na maandiko matukufu hufaa kwa sinia ya tende. Viringisha kila ukurasa kuanzia pembeni juu ya spoku ya baiskeli, gandisha ncha, chomoa spoku, kisha ubonyeze bomba hilo liwe bapa. Zungusha bapa la kwanza liwe duara dogo lililokazwa, uunge la pili, la tatu, kama msusi azungushavyo ukili wa kawa. Kurasa 20 hutoa sinia ya kutosha. Hapa ndipo watoto huchoka, na baba akiwapo nyumbani, hii ni zamu yake. Paka gundi juu na chini, ukaiache sinia kivulini usiku mzima. Jua kali huipinda, na iliyopinda hainyooki tena.