Je, Wajua? Feni ya Lori: Mkanda au Umeme

Je, wajua kwamba feni inayozungushwa na injini moja kwa moja haijali kama injini ina moto au baridi? Inafuata mwendo wa krenki tu. Ile ya kizamani, iliyokazwa kwa bolti kwenye pampu ya maji, huvuma Makambako alfajiri sawasawa na inavyovuma Chalinze saa nane mchana. Ndiyo maana watu hupata hamu ya kuing'oa na kufunga ya umeme, inayowaka joto likipanda na kuzima likishuka.

Je, wajua kwamba ukizidisha mwendo wa feni mara mbili, upepo huongezeka mara mbili lakini nguvu inayoliwa huongezeka mara nane? Ukizidisha mara tatu, inakuwa mara 27. Mjadala wote wa mkanda na umeme umesimama juu ya hesabu hii. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma taratibu, feni ya mkanda haili kitu cha maana, ila na upepo wake ni haba. Injini ikifika mizunguko 3,000 kwa dakika, feni inakula kwa pupa, na mara nyingi wakati huo gari limeshika kasi na upepo wa barabarani unatosha. Inakuwa mvivu pale inapohitajika na hodari pale isipohitajika.

Je, wajua kwamba pikapu ikishapita kilomita 60 hivi kwa saa kwenye tambarare, feni kwa kawaida haina kazi? Ikizunguka, inazungusha dizeli yako.

Je, wajua kwamba Peugeot 404, gari lililotikisa barabara za Afrika Mashariki, lilikuwa limeshalishughulikia jambo hili miaka ya 1960? Feni yake iliendeshwa na mkanda, lakini ilishikwa kwa sumaku ya umeme: kulanti ikipata moto, swichi inawasha sumaku na feni inashika, ikipoa, inaachiwa izunguke ovyo. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mbio za East African Safari kwa gari la aina hiyo mwaka 1966, akarudia 1967.

Na je, wajua feni ya umeme ilienea kwa sababu gani? Sababu kubwa haikuwa kubana mafuta, ilikuwa nafasi. Injini zilipoanza kulazwa kwa upana wa gari ili zizungushe magurudumu ya mbele, krenki ikawa inatazama ubavuni badala ya kutazama rejeta. Mini ya mwaka 1959 ilitatua kwa kuihamishia rejeta ubavuni, iifuate feni. Fiat 128 ya mwaka 1969 ikaiacha rejeta mbele na kuipa feni yenye mota yake na swichi ya joto. Leo karibu kila gari dogo limepangwa hivyo. Malori na pikapu nyingi, ambazo injini zake bado zimelazwa kwa urefu, ziliendelea na mkanda kwa sababu hazikuwa na shida hiyo.

Je, wajua kwamba pikapu au lori lako huenda tayari lina kitu kinachoizuia feni isile nguvu bure? Tazama katikati ya feni. Ukiona duara la alumini lenye mapezi, na mbele yake kipande cha chuma kilichojiviringa, hiyo ni klachi ya feni. Ndani mna mafuta ya silikoni, mazito kama asali. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, kile chuma kinajikunjua na kufungua tundu, mafuta yanaingia kati ya sahani mbili, na feni inashika. Hewa ikipoa, tundu linafungwa, mafuta yanarudi kwenye chemba yake, feni inalegea. Hakuna waya, hakuna swichi, hakuna fyuzi. Ule mvumo unaousikia asubuhi ukiwasha gari, ukatulia baada ya muda mfupi, ni mafuta yaliyotuama usiku yakirudi mahali pake. Si ugonjwa.

Je, wajua jinsi ya kuipima klachi hiyo bila mashine? Injini ikiwa imezimwa na imepoa, zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka duru nyingi bila ukinzani wowote, mafuta yamekwisha. Ikigoma kabisa, imeganda. Ikikupa ukinzani laini na kusimama upesi, ni nzima. Kwa klachi zinazofunguka, Toyota huuza silikoni yake kwenye vijitubu vya mililita 18. Maoni yangu ni kwamba pikapu nyingi zinazopelekwa kufungwa feni ya umeme kwa sababu "zinachemsha" zilihitaji hicho kijitubu tu, au klachi mpya.

Au mfuniko! Je, wajua kwamba Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi? Mfuniko mzima wa rejeta hubana shinikizo na kuzipandisha nyuzi hizo hadi zaidi ya 110. Mfuniko ukichoka, gari lililotoka Mombasa salama linaanza kutapika maji likikaribia juu, na lawama inaangukia feni.

Je, wajua kwamba huko Marekani wenye pikapu za zamani wana feni wanayoitafuta kwenye viwanja vya magari chakavu? Ni ile ya Ford Taurus yenye injini ya lita 3.8. Ina mwendo wa aina mbili, ina kava lake lililozunguka vizuri, na inavuta upepo mwingi kwa bei ndogo. Sifa ya kava hilo isipuuzwe. Feni isiyo na kava huvuta hewa kupitia ule mduara ulio mbele yake tu, na pembe za rejeta zinabaki zimelala. Fundi akikufungia feni tupu kwa zile pini za plastiki zinazotobolewa katikati ya mapezi ya rejeta, amekufungia nusu ya kazi, na kwa mtikisiko wa barabara za vumbi pini hizo siku moja zitaitoboa rejeta.

Je, wajua kwamba feni inayovuta kutoka nyuma ya rejeta ni bora kuliko inayosukuma kutoka mbele? Ile ya mbele huziba njia ya upepo wa barabarani hata ikiwa imezimwa. Na ukigeuza waya chanya na hasi, mota itazunguka kinyume, upepo utatoka, lakini mapanga yatakuwa yanapiga hewa kwa mgongo. Bandika karatasi mbele ya rejeta: ikinyonywa na kung'ang'ania, uko sawa.

Je, wajua ni wapi kazi hii huharibikia? Kwenye waya. Feni ya pikapu ya volti 12 huvuta ampea 30 hadi 40 ikishachanganya, na wakati wa kuanza inaweza kuvuta mara mbili au tatu ya hapo. Pitisha ampea 40 kwenye waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 2, na karibu volti nzima itapotelea njiani kwa njia ya joto. Feni inazunguka kivivu, waya unalainika, siku ya tatu unanusa plastiki. Weka waya wa milimita za mraba 6, na wa kurudi bodini uwe wa unene huohuo. Fyuzi ikae karibu na betri, isikae karibu na feni, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya.

Rilei nayo ina namba zake chini: 30 inapokea moto wa betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda kwenye feni, 85 na 86 ni za koili. Swichi ya joto inabeba mkondo mdogo wa koili tu. Wapo wanaoruka yote haya na kuunganisha feni "direkti" kwenye swichi ya ufunguo, iwake muda wote. Kufanya hivyo ni kuondoa faida pekee iliyokuwa imefuatwa.

Je, wajua kwamba feni ikipangwa kuwaka chini ya joto la themostati haitazima kamwe? Themostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Feni iwake kwenye 95 hivi, izime ikikaribia 90. Na ile desturi ya kuitoa themostati na kuitupa ili "injini ipoe" inaifanya injini ikimbie baridi, inywe mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Sijawahi kuelewa kwa nini imedumu.

Ukiwa na kiyoyozi, feni lazima iwake kila kiyoyozi kinapowaka, kwa kuwa kondensa imekaa mbele ya rejeta. Sasa fikiria foleni ya usiku wa mvua: feni, kiyoyozi, taa, waipa, na altaneta inayozunguka polepole, ambayo hapo haitoi ampea zote ilizoandikiwa. Betri ndiyo inayolipa tofauti.

Je, wajua kwamba umeme wa feni si wa bure? Injini inazungusha altaneta, altaneta inapoteza sehemu ya nguvu hiyo kwa joto, waya unapoteza kidogo, mota nayo inapoteza. Kwa upepo uleule, njia ya umeme ni ndefu kuliko ya mkanda. Faida inapatikana kwa sababu moja tu: feni inalala muda mwingi wa safari.

Sasa tupande Mlima Kitonga, Iringa. Lori lenye shehena linakwea kwa gia ya chini, mwendo mdogo, upepo wa barabarani haupo, na injini inatoa nguvu zake zote. Je, wajua kwamba feni ya lori kubwa, ikishika kikamilifu, inaweza kula kilowati 30 na zaidi, yaani nguvu za farasi 40? Jaribu kuzipata kwa umeme: kwa mfumo wa volti 24 unahitaji zaidi ya ampea 1,000, ilhali altaneta za malori mengi hutoa kati ya 80 na 150. Hesabu haifungi. Feni mbili za magari madogo zilizofungwa mbele ya rejeta ya lori la tani 30 zitapendeza Morogoro kwenye tambarare, na mlimani zitaishia kuiunguza gasketi ya silinda hedi.

Yako mabasi ya mijini huko Marekani yaliyofungwa safu ya feni ndogo za umeme badala ya feni moja kubwa. Lakini hayo yaliwekewa altaneta kubwa ya kazi hiyo, kompyuta ya kuziendesha, na hayapandi Kitonga na kontena.

Je, wajua kwamba kwenye mafuriko feni ya mkanda inaweza kujikunja mbele na kuikwangua rejeta, kwa sababu mapanga yanavuta maji kama yalivyozoea kuvuta hewa? Hapa feni ya umeme inashinda: izime kwa swichi kabla ya kuingia majini.

Kwa hiyo, mwenye pikapu ya volti 12, ukiwa na kava zuri, waya mnene na altaneta inayotosha, funga. Mwenye lori la mizigo, nunua klachi mpya ya feni na uache mkanda ufanye kazi yake. Na wewe uliyekwisha kufunga ya umeme, chomoa waya wa betri kabla ya kuingiza mkono karibu na rejeta: feni hiyo inaweza kuwaka yenyewe injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako.