Doa Lisiloshika Rangi

Saratani ya umio huanza kujitambulisha kwa tonge la nyama linalokwama. Baadaye hukwama ugali, kisha uji, mwishowe hata maji. Mgonjwa akifika hospitali katika hali hiyo, mara nyingi kinachowezekana ni kumwekea kijibomba cha kuipanua njia ili apate kumeza. Inauma kujua kwamba miaka mingi nyuma ugonjwa huo ulikuwa doa tu kwenye utando wa umio, doa lisilouma wala kuzuia tonge.

Kazi ni kuliona. Kamera ya endoskopia inapopita kwa mwanga wa kawaida, doa hilo linaweza kufanana kabisa na utando mzima. Hapo ndipo iodini inapohitajika. Waliosoma sayansi shuleni wanakumbuka: ukidondoshea iodini kipande cha kiazi, kinageuka buluu-nyeusi kwa sababu ya wanga. Seli nzima za umio nazo zina akiba ya glikojeni, ndugu wa wanga, hivyo zikinyunyiziwa iodini zinakolea kahawia. Zilizoanza kuharibika zimeishiwa akiba hiyo, kwa hiyo hazishiki rangi. Hubaki na umanjano uliopauka, na zile zilizoharibika sana huweza kugeuka waridi baada ya dakika chache. Daktari hukata kinyama papo hapo kikapimwe maabara, maana hata mchubuko wa kawaida unaweza kukataa rangi.

Katika Hospitali ya Tenwek, Bomet nchini Kenya, watafiti waliwapima hivyo watu 305 wasio na dalili yoyote. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, takriban asilimia 14 walikutwa na mabadiliko ya awali. Uzito wa takwimu hiyo unaonekana Linxian, China, ambako watu wenye mabadiliko kama hayo walifuatiliwa kwa miaka 13 na nusu: wenye mabadiliko madogo, asilimia 24 walipata saratani, wenye makali, asilimia 74.

Ipo pia mitambo inayomulika kwa mwanga wa buluu na kijani ili mishipa midogo ya damu ionekane vizuri, lakini bei yake ni kubwa. Iodini ni rahisi, ingawa huunguza kifua kwa muda, na mwenye mzio nayo lazima aseme mapema.

Doa likigunduliwa mapema, daktari anaweza kulibandua au kulichoma kwa kupitia mdomoni, bila kupasua kifua.