Kabla Hujaita Lori la Skrepu

Ukiachiwa magari ya zamani na mzazi, mgeni wa kwanza kubisha hodi ni mtu wa skrepu. Kwetu Njoro alifika hata matanga hatujaanua. Alizunguka banda la Baba, akagonga ubavu wa Land Rover kwa kidole, akatikisa kasha la vipuri, kisha akataja bei ya kilo, kila kitu kwa pamoja. Kaka yangu alikuwa na karo ya watoto kichwani, akataka tukubali. Nilikataa, na hata leo ningekataa.

Baba alikuwa fundi wa Peugeot mjini Nakuru tangu ujana wake. Wateja wake wengi walikuwa wakulima wa pareto na viazi wa Molo, Elburgon na Mau Narok. Gari lilipomshinda mwenyewe, Baba alilinunua kwa maelewano akalivuta hadi shambani. Ndivyo tulivyorithi pikapu ya 404, 504 mbili za kubebea abiria, Land Rover ya Series II, na rafu zilizojaa kuanzia sakafuni hadi darini: kabureta, difu, beringi, taa, na gasketi ambazo hazijatolewa kwenye karatasi zake.

Mabanda ya namna hii si haba katika Bonde la Ufa. Walowezi walipouza mashamba yao miaka ya Uhuru, mashine nyingi zilibaki mikononi mwa wenyeji. Hali ya hewa nayo imesaidia. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, mbali na chumvi inayokula mabati kule Mombasa. Gari lililoegeshwa chini ya paa Njoro au Rongai laweza kukaa miaka na miaka na sakafu yake ikabaki nzima.

Watu wa rika langu wanaikumbuka 504 kama gari la safari: unapanda Nakuru, mnabanana, unashukia Nairobi. Lakini Peugeot ilikuwa imejijengea jina kabla ya hapo, kwenye mbio za Safari zilizoanza mwaka 1953. 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mkulima aliyekwama kwenye tope la Mau kila masika hakuhitaji tangazo jingine. Ufaransa iliacha kutengeneza 404 ya abiria mwaka 1975, lakini 504 iliendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi 2004. Leo anayetaka gari la zamani hawezi kwa kawaida kuliagiza nje, kwa sababu kiwango cha KS 1515 kinazuia gari lililotumika kuingia nchini likishapita miaka minane. Atalazimika kutafuta mabandani kama letu.

Sasa nieleze kwa nini bei ya kilo ilinikera. Ukifungua difu ya 404 hukuti yale meno ya chuma yaliyozoeleka. Unakuta skrubu nene ya chuma inayozungusha gurudumu la bronzi, lenye rangi ya asali iliyoiva. Kwa mtu wa skrepu, bronzi ina bei kuliko chuma, basi gurudumu hilo ndilo la kwanza kupigwa nyundo likatolewa. Kwa mwenye 404 ambayo difu yake imelia, hilo ndilo litakaloamua kama gari litatembea au litageuzwa banda la kuku. Land Rover nayo ina bodi ya aluminiamu, na aluminiamu huyeyushwa ikawa sufuria. Mlango wa Series II usio na mkunjo ukishaingia kwenye tanuri, umekwenda.

Kipuri kisichojulikana ni cha gari gani ni chuma tu. Kikishajulikana, kinapata mnunuzi. Ujuzi huo Baba hakuuandika popote. Alikuwa nao kichwani, na kichwani mwa mzee mmoja waliyefanya kazi pamoja, ambaye sasa anaishi Bahati. Nilikwenda kumwomba aje. Alikuja na miwani yake na kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, akaketi kwenye kigoda, akaanza kupokea kitu kimoja kimoja. Alikuwa akipitisha kidole gumba kwenye nyuzi za bolti kabla ya kuitazama. "Binti yangu, hii ya Land Rover usiitie kwenye kasha la Peugeot," aliniambia. "Mwingereza alipima kwa inchi, Mfaransa kwa milimita. Ukiilazimisha, unaharibu vyote viwili." Kasha lililoandikwa 504 lilitoa pampu ya maji ya 404. Jingine, ambalo kaka alikuwa ameshalisogeza mlangoni litupwe, lilikuwa na pistoni mpya na ringi zake. Mimi nilifunga kila kitu lebo, nikapiga picha, nikaandika kwenye daftari: jina, gari, hali, rafu. Mzee tulimlipa kama fundi. Msimwite mtu wa umri huo mkamshukuru kwa chai peke yake.

Kazi hiyo tuliifanya wakati tukingoja mahakama, na kungoja huko ni lazima. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1981, inakataza mtu yeyote kuuza mali ya marehemu kabla hajapewa mamlaka. Kifungu cha 45 kinaweka faini ya hadi shilingi 10,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili, hata kama wewe ni mtoto wa kuzaliwa. Baba hakuacha wosia. Tulianza na barua ya chifu, tukawasilisha ombi mahakamani Nakuru, tangazo likatoka kwenye Gazeti Rasmi na kukaa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Baada ya kupewa usimamizi, kwa kawaida ni miezi sita kabla ya usimamizi huo kuthibitishwa, na hapo ndipo mali inagawanywa. Mama na mimi ndio tuliokuwa wasimamizi. Wa skrepu alirudi katika kipindi hicho na bei iliyopanda. Tulimwonyesha barua za mahakama, akaelewa.

Wanunuzi wa kweli tuliwapata kupitia wenye magari kama hayo. Wapo wanaoyaandaa kwa maonyesho ya Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, yanayofanyika tangu 1970, na wapo wa Safari Classic, mbio za magari ya zamani zilizoanza 2003. Watu hawa huuliza maswali magumu: namba ya chasisi, namba ya injini, kitabu cha gari kiko wapi, bamba ni lile la asili? Madalali wengi walitaka kununua difu na kabureta peke yake na kutuachia mabodi. Kila gari tulilouza lilikwenda pamoja na vipuri vyake. Land Rover tu ndiyo tuliyoitenganisha, kwa kuwa chasisi yake ya chuma ilikuwa imeoza nyuma, ingawa bodi ilikuwa safi.

Pikapu ya 404 ilichukuliwa na mtu wa Naivasha, na difu zote za akiba. Kabla ya kupakiwa tuliketi barazani, Mama akaanzisha uhamisho kwenye eCitizen, mnunuzi akaukubali kwa simu yake. Gari likitoka nje kabla ya kubadilishwa jina, faini au ajali yake inaitafuta familia ya marehemu. Karo ya kaka ikalipwa. 504 moja bado iko bandani. Injini yake imeganda, na Mzee wa Bahati ameomba atie dizeli kwenye silinda, aiache ilowe, kisha ajaribu kuizungusha kwa mkono kabla hatujasikiliza bei ya mtu yeyote.