Kuajiri mutu bila karatasi: bei yake inakuja nyuma



Kisha defansi wengi wetu hatupati kazi, tunaitengeneza. Mumoja anafungua sekretaria ya fotokopi karibu na université, mwingine saluni mu Katuba, mwingine depo ya unga. Siku mambo yanaanza kuenda muzuri, tunaita mutu wa kutusaidia: mutoto wa mama mudogo, rafiki wa auditoire, jirani. Tunapatana kwa mudomo: “Utakuwa unakuja, mwisho wa mwezi tutaona.” Hakuna mwenye anaandika kitu.

Tunafikiri hivi: bila kontra, huyu si mufanyakazi, na kama si mufanyakazi, sina deni kwake. Lakini sheria ya kazi ya Congo inasema kinyume. Ni Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, yenye ilibadilishwa sehemu fulani mu 2016. Wewe usipoandika kontra, sheria inakuandikia yake, na ile yenye inaandika ndiyo yenye kukufunga zaidi.

1. Kontra yenye haikuandikwa

Kama hakuna karatasi, sheria inahesabu kwamba mulipatana kontra ya muda usio na mwisho, mupaka wewe bosi uonyeshe ushuhuda wa kinyume. Tena mufanyakazi anaruhusiwa kuhakikisha kontra kwa njia zote: mashahidi, ujumbe wa simu, feza zenye ulikuwa unamutumia ku simu kila mwezi.

Na wale wenye tunaitaka jurnalie, wenye wanalipwa siku kwa siku? Mutu akisha kukufanyia siku 22 ndani ya miezi miwili, na ukimuita tena mbele miezi ile miwili iishe, amekuwa mufanyakazi wa muda usio na mwisho. Haiombi mutie sinyatire. Kwa hiyo yule kijana mwenye anabeba mifuko ku depo yako kila siku toka mwaka jana, mbele ya sheria si jurnalie tena.

Kama kazi iko ya muda tu, andika muda. Kontra ya muda haiwezi kupita miaka miwili, na inaweza kurudiliwa mara moja tu.

2. “Uko bado ku esai”

Hii inatugusa pande zote mbili, wenye wanaajiri na wenye wanatafuta kazi. Esai lazima iandikwe. Kwa manevre bila utaalamu haipite mwezi mumoja. Kwa wengine haipite miezi sita. Mutu mwenye uko naye mwaka muzima na bado unamuambia “tunakujaribu”, esai yake iliisha zamani. Na kama haikuandikwa, usiitegemee kwa kumuondoa.

3. Mushahara: hesabu yenye kila mutu anapaswa kujua

Tuseme mumepatana 600.000 FC kwa mwezi. Ile si feza yenye mufanyakazi ataingiza mu mufuko, na si feza yenye itakutoka wewe.

Kwanza CNSS. Mufanyakazi anakatwa 5%, ni kusema 30.000 FC. Wewe bosi unaongeza 13% ya kwako, ni 78.000 FC. Zile 13% zimegawanywa hivi: 5% ya pensheni, 6,5% ya malipo ya familia, 1,5% ya aksida na magonjwa ya kazi.

Kisha INPP, yenye inasimamia mafunzo ya kazi: entreprise ndogo, yenye haipite wafanyakazi 50, inalipa 3%, ni 18.000 FC. Hii ni ya bosi tu, usiikate ku mushahara. Jumla, bila kuhesabu ile kidogo ya ONEM, mufanyakazi wa 600.000 anakulomba 696.000 FC kila mwezi. Uweke hesabu hii mu biznesi plani yako mbele ya kuita mutu, si kisha.

Kuko tena kodi ya mushahara, yenye DGI inapokea. Inahesabiwa kisha kutosha zile 5% za CNSS. Barema inabadilika, kwa hiyo tumia ile ya mwaka wenye uko ndani, si ile ya silabusi ya miaka ine iliyopita. Ni vile vile kwa SMIG: ile ya 7.075 FC kwa siku ilikuwa ya 2018, na ilisha kupandishwa. Wengi bado wanalipa juu yake.

Transport na nyumba vyenye unamupa mufanyakazi, sheria haivihesabu kuwa mushahara. Uviandike ku mustari wake, usivichanganye na mushahara wa musingi. Tena kumutunza akigonjwa, yeye na familia yake, ni deni la bosi, si huruma.

Mutu anaweza kusema: “Biashara yangu ni ndogo, nitalipa CNSS nikikomaa.” Angalia vizuri zile 1,5%. Ku mushahara wa 600.000 ni 9.000 FC. Siku mashine itakata kidole cha kijana wako, na CNSS haimujui, familia yake itakuja kugonga ku mulango wako. Na kibaya zaidi ni kumukata zile 5% kila mwezi na kubaki nazo. Ile ni kuchukua pensheni ya mutu.

4. Fishi ya mushahara

Haiombi programu ya ordinatere. Kayee mbili na biki vinatosha. Kila mwezi andika: jina, mwezi, siku zenye alifanya, mushahara wa musingi, vyenye umeongeza, vyenye umekata (CNSS, kodi, avansi), na feza yenye anaingiza. Nyote mutie sinyatire, kila mumoja abaki na yake. Sheria inaomba hesabu hii ya maandishi kila unapolipa, na mushahara ulipwe haizidi siku sita kisha mwezi kuisha.

Avansi ndiyo inaharibu undugu. “Nilikupa 50.000.” “Hapana, ilikuwa 30.000.” Bila sinyatire, hakuna mwenye atashinda.

5. Siku ya kuachana

Kumuondoa mutu wa kontra ya muda usio na mwisho inaomba sababu ya kweli: mwenendo wake, uwezo wake, ao mahitaji ya kazi. Mimba si sababu. Unamupa preavi ya siku 14 za kazi, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka muzima wenye alifanya. Mwenye alifanya miaka mitatu: 14 na 21, ni siku 35.

Ukimufukuza bila sababu, anaenda kwanza ku Inspection du Travail ili mupatanishwe. Ikishindikana, ni tribinali. Kama hamurudishe ku kazi, wanaweza kukuomba malipo mupaka mishahara ya miezi 36. Piga hesabu: 600.000 mara 36 ni 21.600.000 FC. Mashine ngapi za fotokopi zingenunuliwa na feza ile?

Kama uko na mutu mwenye anakufanyia kazi leo bila karatasi, musiendelee vile. Mukae wawili juma hii, muandike kazi yenye anafanya, saa, mushahara na tarehe yenye alianza kweli, si tarehe ya leo. Kisha muandikishe ku CNSS. Na wewe mwenye unafanyia mutu kazi, hata akiwa mujomba wako, omba kontra na fishi kwa heshima. Kuandika haimaanishe kwamba hamuaminiane. Inawasaidia mubaki ndugu hata siku kazi itaisha.