Nukta za Wino na Uso Unaotafutwa

Ndugu askari wa jeshi na polisi, mvuvi akipotea ziwani na picha yake ikabandikwa huko Bugarama, kitakachomtambulisha ni nini? Ni nukta tu. Mtambo wa chapa haujui kijivu: huweka wino au huacha karatasi wazi. Kwa hiyo kivuli cha shavu hufanywa kwa nukta kubwa, mwanga wa paji kwa nukta ndogo, na jicho letu ndilo liunganishalo.

Mchoro wa rangi hutaka wino wa aina nne: buluu, waridi iliyokolea, manjano na mweusi. Nukta za kila wino hupangwa kwa safu zilizoinamishwa kwa pembe yake. Za mweusi, kwa kawaida, digrii 45. Hapo ndipo penye hatari. Picha iliyokatwa gazetini ikichapwa tena, nukta za kale hugongana na mpya, na uso hujaa mawimbi kama mchanga wa ufukweni.

Twasihi basi, mpeni mpiga chapa picha ya asili. Tena rangi ya mtumbwi unaotafutwa iandikwe kwa maneno, kwani buluu ing'aayo katika kioo cha kompyuta hufifia karatasini, na buluu iliyofifia yaweza kumtia mashakani mwenye mtumbwi mwingine kabisa.